Alama Sitini na Mbili

Habari ilipofika kituo cha polisi cha Malaba kwamba mtoto amepata sitini na mbili, Konstebo Emojong alipiga meza kwa furaha.

"Sitini na mbili si mbaya, afande! Mimi kwa hesabu sikuwahi kufika hapo."

Inspekta Okwakol aliweka simu chini polepole. Aliyempigia alikuwa Leonida, mwendesha mashtaka wa mahakama ya Busia, na sauti yake haikuwa ya mtu mwenye furaha.

"Hizi si alama za shule, Emojong. Huu mtihani ni wa akili. Leonida anasema mtoto wa kawaida hupata mia au karibu na mia. Akishuka chini ya sabini, anahesabika kwamba ana upungufu."

"Upungufu wa nini?"

"Wa akili."

Emojong alimtazama. "Nani? Cindy? Huyu aliyetuonyesha ufunguo uko wapi?"

Okwakol alivaa kofia yake. Swali lilikuwa zuri, na yeye ndiye aliyetakiwa kulijibu kabla ya Alhamisi, siku ya jaji kuamua kama mtoto huyo atatoa ushahidi au hatatoa.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Omagor, mlinzi wa gesti moja karibu na maegesho ya malori, alikutwa amekufa ndani ya kibanda chake cha ulinzi, amepigwa kichwani, mlango umefungwa kwa kufuli kutoka nje. Kila alfajiri mtoto wa jirani alikuwa akimpelekea Omagor uji. Asubuhi ile mtoto alirudi na chupa ya uji imejaa. Alipoulizwa alisema mlango ulikuwa unafungwa na mtu. Mtu gani? Yule wa gari jekundu, anayetoa mizigo forodhani. Akaenda wapi? Akaenda chooni, akatupa kitu, kikalia ndani ya shimo. Polisi walilipa watu kufukua choo kile, na ufunguo wa kufuli ukapatikana.

Mwenye gari jekundu aliitwa Quinton Okwara, wakala wa forodha, mtu wa kusalimiwa na kila mtu. Wiki moja kabla ya kifo chake, Omagor alikuwa amewaambia wenzake kwamba ameona mizigo ya Okwara ikishushwa mahali isipotakiwa. Hiyo ilikuwa sababu ya mauaji. Ushahidi wa kumfikisha Okwara mlangoni ulikuwa macho ya mtoto mmoja tu. Uchafu wa choo ulikuwa umekwisha kufuta alama zote za vidole kwenye ufunguo.

Na sheria inasema mtoto mdogo hapokelewi ushahidi wake mpaka jaji aridhike kwamba ana akili ya kutosha. Wakili wa Okwara, kijana mmoja mkali aitwaye Collins, aliona mtoto anachelewa kujibu mbele ya jaji. Akaomba apimwe na mtaalamu. Jaji akakubali.

"Afande," Emojong alisema wakiwa njiani kwenda Busia, "huyo daktari amenunuliwa. Okwara ana pesa."

"Tutaanzia hapo," Okwakol akajibu.

*

Daktari Vivianne alikuwa mwanasaikolojia, mama wa makamo aliyevaa miwani iliyofungwa kamba shingoni. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na mara kwa mara mlio wa mabati yanayopakiwa ulikatiza maneno. Okwakol alimuuliza bila kuzunguka kama anamfahamu Quinton Okwara.

"Namfahamu kwa gazeti," daktari alisema. "Na kabla hujaniuliza la pili, mzee, nikuambie: mtu mmoja alinipigia simu kabla ya kipimo. Alitaka kunisaidia kukarabati ofisi. Nilimwandikia jaji barua siku hiyo hiyo. Muulize jaji."

Emojong aliangalia viatu vyake. Okwakol aliandika jambo, kisha akaendelea.

"Basi labda ni lugha. Mtoto anaongea Kiteso. Mtihani uliandikwa kwa Kiingereza."

"Nilikuwa na muuguzi wa Kiteso hapa. Kila swali lilitafsiriwa. Lugha inakula alama, sikatai, lakini haili alama karibu arobaini."

"Nionyeshe basi vile sitini na mbili ilipatikana. Polepole. Mimi elimu yangu niliipata usiku, baada ya kazi. Lakini nikionyeshwa naelewa."

Daktari alifungua kabati akatoa sanduku. Ndani mlikuwa na vipande vya mbao vya rangi mbili, kadi za picha na kitabu kinene cha majedwali.

"Kuna maswali ya maneno. Kuna picha za kutafuta kilichokosekana. Kuna hivi vipande, mtoto anavipanga vifanane na mchoro, na mimi nashika saa. Akipanga vizuri lakini saa imepita, hapati kitu."

"Hata kama amepanga sawa?"

"Hata kama. Cindy alipanga michoro miwili sawa kabisa baada ya muda kwisha. Aliifanya kwa utulivu, kama mtu anayepanga sahani."

"Na maswali ya maneno?"

"Mfano. Uko njiani, mvua inaanza kunyesha, utafanya nini? Kitabu kinataka ajibu atatafuta mahali pa kujikinga. Yeye alisema, 'Nitaendelea tu, nguo zitakauka.' Sifuri."

"Mimi pia ningeendelea," Emojong alisema.

"Wewe pia sifuri," daktari akamjibu, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Usinichukie. Sikuitunga mimi. Walioitunga walikusanya watoto wengi sana mahali pengine, wakaona wengi wao wanajibu nini, wakaita hiyo kuwa ndiyo kawaida. Kipimo hiki hakipimi akili yote ya mtu, mzee. Kinapima asubuhi moja, kwenye chumba kimoja, jinsi mtoto anavyofanana na wale wengine wa umri wake."

Okwakol aliinua kalamu. "Wa umri wake."

"Ndiyo. Hapo ndipo kila kitu kinaposimama. Alama za kwanza ni majibu sahihi tu, nayajumlisha. Peke yake hayana maana. Naenda kwenye jedwali la umri wake, naona watoto wa umri huo wamepata ngapi, ndipo nasema huyu yuko juu au chini." Alifungua kitabu. "Tazama. Hapa ni miaka kumi. Alama alizopata Cindy zinaangukia sitini na mbili. Alama hizo hizo, nikigeuza kurasa nirudi nyuma, kwa mtoto wa miaka minane…" Kidole chake kilishuka. "Sabini na nane. Kwa mtoto wa miaka saba, themanini na tisa. Huyo ni mtoto wa kawaida kabisa."

"Majibu ni yale yale?"

"Yale yale."

Mabati yalilia chini. Okwakol alingoja yanyamaze.

"Daktari, wewe mwenyewe ulimwona ana upungufu?"

Vivianne alivua miwani. "Nitakuambia nilichoona. Hakuwa akikosea huku na huku. Alijibu vizuri mpaka mahali fulani, kisha akaishia, kama mtu aliyefika mwisho wa barabara. Nilishangaa. Lakini umri niliuchukua kwenye cheti cha kuzaliwa, na cheti kililetwa na ninyi."

*

Kibanda cha chai cha Amuron, mama wa Cindy, kilikuwa kando ya foleni ya malori inayoelekea Uganda. Madereva walishuka, wakanywa, wakapanda, wakasogea kidogo, wakashuka tena. Okwakol alimtuma Emojong akaangalie gesti upya, naye akaketi kwenye benchi peke yake.

"Yoga, papa," Amuron alimwamkia kwa Kiteso, akimwita baba. "Chai au uji?"

"Uji. Mtoto yuko wapi?"

"Akwii!" mama aliita kuelekea nyuma.

Aliyekuja mbio alikuwa Cindy. Okwakol hakuuliza kwa nini ameitwa kwa jina lingine. Alimsogezea mtoto kipande cha chapati.

"Unanikumbuka?"

"Ndiyo. Wewe ndio ulitapika kwa choo."

Dereva mmoja alicheka mpaka chai ikamwagika. Okwakol pia alicheka, maana ilikuwa kweli, na mtoto alipoona wazee wanacheka akacheka kwa mdomo wote. Hapo Okwakol akaacha kucheka. Mbele, juu, meno mawili yalikuwa yanaota, mafupi, kingo zake zikiwa bado na vijino vidogo kama vya msumeno. Pembeni kulikuwa na pengo. Jino lingine la chini lilitikisika liliposukumwa na ulimi.

"Hili limeanza kutikisika lini?"

"Hili ni la nne. Lile la kwanza nilimeza na muhogo."

"Hebu fanya hivi." Okwakol alipitisha mkono wake wa kulia juu ya kichwa na kushika sikio la kushoto, kama walivyopimwa watoto wa zamani kabla ya kupokelewa shuleni. Mtoto akaiga. Vidole vyake viligusa ncha ya sikio, havikuweza kulishika.

Amuron alikuwa ameacha kukoroga uji.

"Nenda ukacheze, Akwii," Okwakol alisema, na mtoto akaondoka na chapati yake. Kisha akamgeukia mama. "Mtoto wa miaka kumi ana meno ya mbele yote, Amuron. Na anashika sikio lake anavyotaka. Huyu ana miaka mingapi?"

"Iko kwa cheti."

"Cheti nimekiona. Nimeuliza mtoto."

Mama alifunika sufuria. Aliwapa chenji madereva wawili waliokuwa wanaondoka, akafuta meza ambayo haikuwa chafu, akaketi.

"Cindy alikuwa wa kwanza," alisema kwa sauti ya chini. "Malaria ilimchukua akiwa anaanza kutembea. Tulimzika huko nyumbani, hakuna mtu alienda kuandikisha kifo. Nani anaenda kuandikisha? Halafu huyu akazaliwa, sasa ni miaka saba, ng'ambo ya mpaka, Tororo, kwa dada yangu, kwa nyumba. Hakuna kadi ya kliniki, hakuna hospitali. Shule ikasema leta cheti. Nilienda mara ya kwanza, mara ya pili, wakaniambia rudi na baba yake, na baba yake ameenda. Cheti kilikuwepo, mtoto hakuwepo. Halafu mtoto akawepo, cheti hakikuwepo. Sasa papa, wewe ungefanya nini?"

"Wengi wamefanya hivyo?"

"Hapa? Uliza nani hajafanya."

"Amuron, sikiliza. Mtoto wako si mjinga. Amepimwa na watoto wenye umri wa dada yake aliyekufa. Ukisema haya mbele ya jaji, Alhamisi mtoto atasikilizwa."

"Na mimi?"

Okwakol alitazama foleni ya malori.

"Nimekuambia wewe kwa sababu wewe ni mtu wa hapa," Amuron alisema. "Sijamwambia askari."

"Okwara alimuua Omagor. Omagor alikuwa akila hapa kwako."

"Alikuwa anakula hapa. Najua." Alisimama kumhudumia dereva mwingine. "Nitakuja Alhamisi," alisema bila kugeuka.

*

Leonida alisikiliza yote akiwa amesimama kwenye varanda ya mahakama, faili kifuani. Okwakol alipomaliza, alitegemea kuona furaha. Mwendesha mashtaka alifumba macho tu.

"Themanini na tisa," alisema. "Una hakika?"

"Daktari Vivianne amerudia hesabu. Anasema yuko tayari kuapa."

"Mzee, mtoto alisimama mbele ya jaji wiki iliyopita. Aliulizwa jina. Alisema Cindy Amoit. Aliulizwa miaka. Alisema kumi, kama alivyofundishwa. Kisha mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, nikatoa cheti kiwe kielelezo."

"Basi tusahihishe."

"Tutasahihisha nini? Akiwa na miaka kumi, hana akili ya kutosha. Akiwa na miaka saba, ana akili, lakini jina si lake, umri si wake, na mama yake ametumia cheti cha marehemu. Collins atauliza swali moja tu: kama alidanganya jina lake mwenyewe, kwa nini tuamini amesema kweli kuhusu mtu wa gari jekundu?"

"Ufunguo ulikuwa chooni. Huo si uongo."

"Ufunguo unasema mtu aliutupa. Nani, ni mtoto pekee anayesema."

"Apimwe tena. Kwa jina lake."

"Nimeshamuuliza Vivianne. Mtihani ule ule haurudiwi karibu karibu. Ameshaona maswali. Akipanda alama watasema amefundishwa, na hawatakuwa wamekosea."

Okwakol alitazama uwanja wa mahakama, ambako watu walikuwa wamekaa chini ya jua wakingoja majina yao yaitwe.

"Kwa hiyo tufanye nini?"

"Tujaribu," Leonida alisema. "Mama akikubali mwenyewe mbele ya jaji, nitaomba mtoto apimwe umri hospitalini, meno na mifupa. Lakini lazima aseme mwenyewe. Meno uliyoyaona kwa kibanda cha chai si ushahidi, afande."

*

Alhamisi chumba kilijaa. Okwara alikaa kizimbani amevaa suti ya kijivu, amenyoa vizuri, akisalimia watu kwa kichwa. Amuron alikaa mwisho wa benchi, mtoto akiwa amelala mapajani mwake.

Leonida alisimama, akaeleza kwamba kumetokea shaka kuhusu umri wa shahidi. Kabla hajamaliza, Collins alikuwa wima.

"Mheshimiwa Jaji, shaka imetoka wapi? Cheti hiki uliletewa na upande wa mashtaka wenyewe! Juzi mtoto alikuwa wa miaka kumi. Leo alama hazikuwapendeza, wanataka wa miaka saba. Kesho zisipowapendeza watatuletea kichanga?"

Watu walicheka. Jaji aligonga meza mara moja, wakanyamaza. Alikuwa mama mtulivu, na alipomwita Amuron mbele alimwita kwa upole.

"Mama, nitakuuliza kuhusu cheti cha mtoto wako. Kabla hujajibu, ni wajibu wangu kukuambia jambo. Kutumia cheti cha mtu mwingine ni kosa, na lina kifungo. Hulazimishwi kusema neno la kujitia hatiani. Umeelewa?"

Karani akatafsiri kwa Kiteso. Amuron alisikiliza mpaka mwisho.

"Nikifungwa," aliuliza, "mtoto anabaki na nani?"

Karani akatafsiri hilo pia. Jaji alitazama chini. "Hilo siwezi kukujibu leo, mama."

Amuron aligeuka. Mtoto alikuwa ameamka kwenye benchi, amekaa wima, miguu haifiki sakafuni, akimtazama. Okwakol alikuwa amesimama karibu na mlango, na kwa muda mfupi macho ya mama yakapita kwake, yakaendelea.

"Huyu ni Cindy," Amuron alisema. "Ana miaka kumi. Cheti ni chake."

"Na alivyo…" Jaji alitafuta neno. "Kuhusu ile ripoti ya daktari?"

"Amekuwa hivyo tangu azaliwe. Hana akili sana."

Leonida aliomba bado mtoto apelekwe hospitalini. Jaji akauliza ombi hilo linasimama juu ya nini, ikiwa mama mzazi amethibitisha umri na cheti kinakubaliana naye. Leonida alitazama nyuma. Okwakol alisogea hatua moja mbele. Alikuwa na meno mawili yenye kingo za msumeno, sikio lisiloshikika, na jina lililoitwa nyuma ya kibanda. Alikuwa na maneno ya mwanamke ambaye sasa hivi ameyakana. Leonida akatikisa kichwa kidogo. Okwakol akasimama pale pale.

Uamuzi haukuchukua muda. Jaji alisema amesikitika, lakini kwa ripoti iliyo mbele yake haridhiki kwamba mtoto ana akili ya kutosha kutoa ushahidi. Leonida aliulizwa kama ana shahidi mwingine. Hakuwa naye. Baada ya chakula cha mchana mashtaka yaliondolewa.

Okwara alitoka kwenye varanda akipigwa mabega na rafiki zake. Alipomfikia Amuron alisimama, akavua miwani ya jua.

"Pole, mama. Mimi sina kinyongo na wewe. Mtoto kama huyu ni wa kuombewa tu." Akainama kidogo. "Sivyo, dada mdogo?"

Mtoto alirudi nyuma mpaka akagonga mguu wa Okwakol, aliyekuwa amesimama nyuma yao, akashika suruali yake. Kisha akamwonyesha Okwara kwa kidole, mkono wote umenyooka, akasema kwa Kiswahili cha shuleni, kwa sauti iliyosikika varanda nzima:

"Ni huyu! Ni huyu alifunga mlango wa Omagor. Alitupa ufunguo kwa choo. Mimi nilimwona!"

Watu wote waligeuka. Okwakol alimtazama askari wa mahakama aliyesimama mlangoni, kijana mwenye bunduki, aliyekuwa ndani wakati ripoti inasomwa.

Kijana yule alimtazama mtoto kwa huruma. Akasogea, akampapasa kichwa.

"Basi, basi," alisema, kisha akamgeukia Amuron. "Mpeleke nyumbani, mama. Amechoka."

Mazungumzo yakaendelea. Okwara akavaa miwani yake, akashuka ngazi.

"Papa," mtoto alimvuta Okwakol, "kwani sijasema vizuri?"